Kuomba Nafasi ya Uzamivu katika Fasihi ya Kiingereza: Tarime na Serengeti kama Swali la Utafiti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi maombi ya nafasi ya shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza yanavyoandikwa na jinsi yanavyosomwa na kamati za udahili. Mifano imetolewa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Wilaya hizi si ngeni hata kidogo katika maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo. Malcolm Ruel alichapisha mwaka 1965 makala juu ya dini na jamii ya Wakuria, na mwaka 1997 akatoa kitabu kizima kuhusu imani na matambiko yao. Eva Tobisson alichunguza familia za Wakuria wa Tanzania katika kazi iliyotoka Göteborg mwaka 1986. Michael Fleisher alitoa kitabu juu ya wizi wa ng'ombe mpakani mwa Tanzania na Kenya mwaka 2000. Jan Bender Shetler alihitimu uzamivu wa historia katika University of Florida mwaka 1998 kwa tasnifu juu ya Serengeti ya magharibi, na mwaka 2007 akachapisha Imagining Serengeti. Sarufi ya Kinata nayo ilipata tasnifu yake katika University of British Columbia mwaka 2019.

Anthropolojia imechukua fungu lake, historia imechukua lake, na isimu haikukosa. Katika orodha hiyo fasihi haimo, ingawa baadhi ya kazi hizo, hasa za kihistoria, zimejengwa juu ya masimulizi ya wazee. Yaani, juu ya fasihi simulizi iliyosomwa kwa jicho la fani nyingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwombaji anayetoka Tarime au Serengeti hakosi data. Anachokosa aghalabu ni swali la kifasihi, na pasipo swali hilo kamati humwona kuwa mtoa habari wa kwao badala ya kumwona mtafiti.

2.0 Mlango upi?

Inafaa kuanza na Watanzania waliopita njia hii, kwa kuwa hawakupita mlango mmoja. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hilo hilo linalopakana na Mara, alisomea uzamivu Paris. Ebrahim Hussein aliandika juu ya maendeleo ya tamthilia ya Afrika Mashariki huko Berlin, katika Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, alihitimu University of Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alihitimu University of Kent mwaka 1982, na tasnifu yake ilihusu vigezo vya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi.

Mifano hii miwili ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Kichwa cha tasnifu ya Kezilahabi kinataja tatizo. Hakitaji kabila wala wilaya. Cha Gurnah kinahusu eneo ambalo si lake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejitambulisha kwa kamati kama mlinzi wa mila za kwao. Tena Kezilahabi hakusoma katika idara ya Kiingereza, bali katika idara ya lugha na fasihi za Kiafrika, na tofauti hiyo si ya jina tu. Idara nyingi za Kiingereza za Uingereza na Marekani zimegawanyika kwa vipindi na maeneo: Shakespeare na wenzake, karne ya 18, enzi ya Malkia Victoria, fasihi ya baada ya ukoloni, na kadhalika. Pendekezo linalohusu nyimbo za Kikuria likifika katika idara isiyo na mhadhiri hata mmoja wa fasihi ya Afrika, linaweza kuwa zuri sana na bado likaanguka, kwa sababu tu hakuna wa kulisimamia.

Mvutano huu una historia yake katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja katika University College, Nairobi, kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake pawe na idara itakayoiweka Afrika katikati na fasihi simulizi kuwa sehemu ya msingi ya masomo. Mwombaji wa leo hurithi matunda ya hoja hiyo anaporejea nchini, ila anapoomba nje hukutana tena na idara ya aina ile ile iliyopingwa. Ni juu yake kusoma orodha ya wahadhiri na machapisho yao kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

3.0 Kutoka mada hadi swali

Mapendekezo mengi ya fasihi simulizi huandikwa kwa mtindo mmoja: kwamba jamii fulani ina hazina kubwa ya nyimbo, methali na masimulizi, kwamba hazina hiyo inapotea, na kwamba mtafiti atakwenda kuikusanya na kuihifadhi. Hakuna kosa katika nia hiyo. Kosa ni kwamba kuhifadhi ni kazi ya nyaraka, wala si hoja. Msomaji wa kamati anauliza ni jambo gani juu ya fasihi ambalo halijulikani sasa na litajulikana tasnifu itakapokamilika.

Chukua wilaya ya Serengeti. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951, na magharibi yake wanaishi Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, pamoja na Wakuria. Ulimwengu wa nje uliijua nchi hii zaidi kupitia maandishi na filamu. Kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti Shall Not Die kwa jina la Kiingereza, vilitoka Ujerumani mwaka 1959, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Peter Matthiessen alitoa The Tree Where Man Was Born mwaka 1972. Jina lenyewe Serengeti kwa kawaida hunasibishwa na Kimaasai, hivyo hata ramani haitamki lugha za wenyeji wa magharibi. Kwa upande wa pili, Wanata husimulia asili yao kwa kisa cha mwindaji na mwanamke mkulima waliokutana na kuanzisha ukoo, na Waikoma wana masimulizi ya Machaba, meno ya ndovu matakatifu yanayohusishwa na uganga wa Watatoga.

Hapo swali linajitokeza lenyewe. Nathari ya Kiingereza juu ya uhifadhi inatumia mbinu gani za usimulizi ili nchi iliyokaliwa na watu ionekane ni nyika tupu, na masimulizi ya wenyeji yanaigawa nchi hiyo hiyo kwa mantiki gani? Swali hili ni la idara ya Kiingereza moja kwa moja: lina matini za Kiingereza zinazojulikana, lina mjadala unaoendelea wa uhakiki wa mazingira, na lina ushahidi ambao wahakiki wengi wa London au Chicago hawawezi kuusoma katika lugha zake. Kumbe kule ambako mwombaji alidhani yuko pembeni ndiko anakowazidi wengine. Isitoshe, mkusanyiko wa Telling Our Own Stories uliohaririwa na Shetler mwaka 2003 una historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Wanahistoria wamezitumia kama chanzo cha habari. Kama maandishi yenye waandishi, mitindo na hadhira, bado zinamsubiri mhakiki wa fasihi.

4.0 Hati na masharti

Uingereza huomba kwanza pendekezo la utafiti, mara nyingi la maneno 1,000 hadi 1,500, na mwombaji hutarajiwa awe amemwandikia msimamizi mapema. Masomo huchukua miaka 3 hadi 4 na huishia katika tasnifu na mtihani wa mdomo. Marekani mambo ni tofauti: miaka 5 au zaidi, kozi kwanza, mitihani ya kufuzu baadaye, na pendekezo kamili huandikwa mwanafunzi akiwa tayari ndani. Kwa hiyo hati zinazopimwa huko ni maelezo ya dhamira, barua 3 za wadhamini na sampuli ya maandishi. Mtihani wa GRE wa somo la fasihi ya Kiingereza ulikomeshwa mwaka 2021, na uzito uliokuwa juu yake umeongezeka katika sampuli.

Sampuli hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, na haipewi nafasi inayostahili katika ushauri wa kawaida. Ni insha ya uhakiki ya kurasa 15 hadi 25, na kazi yake ni kuonyesha kwamba mwandishi anaweza kusoma matini kwa ukaribu. Sura ya tasnifu ya uzamili haitoshi ikipelekwa ilivyo, maana huwa imejaa mapitio ya maandishi na maelezo ya nadharia. Mwalimu wa sekondari wa Tarime au Mugumu asiye na maktaba kubwa anaweza kuandika sampuli bora kwa vitabu vichache. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, jirani kabisa na wilaya hizi, alisoma fasihi ya Kiingereza kama sehemu ya shahada yake Edinburgh, kisha akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. The Merchant of Venice aliiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amegeuka tabaka zima. Kurasa 20 juu ya neno hilo moja na athari zake ndani ya tamthilia zingesomwa kwa hamu na kamati yoyote. Kwa fasihi simulizi, kitabu cha Ruth Finnegan, Oral Literature in Africa, cha mwaka 1970, kilitolewa upya mwaka 2012 na husomwa bure kwenye intaneti.

Juu ya maelezo ya dhamira, neno moja. Waombaji hushawishika kusimulia umaskini wa utotoni na umbali wa shule. Sentensi moja inatosha, tena iwe inaongoza kwenye swali la utafiti; ikizidi hapo, msomaji anahurumia badala ya kushawishika.

Fedha ni jambo lisilokwepeka. Programu nyingi za Marekani huwalipa wanafunzi wao kwa kufundisha. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa upande wa Uingereza hudai maelezo ya mchango katika maendeleo ya nchi, na hapo mwombaji wa fasihi hulazimika kujitetea mbele ya wenzake wa kilimo na tiba. Pendekezo la Serengeti lililotajwa hapo juu lina jibu, kwa kuwa mgogoro wa ardhi na hifadhi ni suala la maendeleo. Anayebaki nyumbani anaweza kujisajili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo Musoma. Yupo pia atakayeona kwamba tasnifu yake ingekuwa bora zaidi kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wanafunzi wa uzamivu wa TATAKI. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuomba.

5.0 Matini na ridhaa

Pendekezo la Tarime linalohusu nyimbo za iritungu, zeze kubwa la nyuzi 8 la Wakuria, lina matatizo mawili ambayo kamati makini itayauliza. La kwanza ni la maandishi. Katika Kikuria toni ya juu hupachikwa kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina la kitenzi kulingana na njeo. Wimbo ulioandikwa bila toni unaweza kumwacha msomaji asijue kama tendo limekwisha au linatarajiwa, na tafsiri ya Kiingereza huuficha utata huo kwa kuchagua upande mmoja kimyakimya. Kamusi ya Kikuria na Kiingereza ya mwaka 1996 ni msaada, ila haitafanya kazi ya sikio. Mwombaji aeleze ataandika vipi, na nani atahakiki maandishi yake.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Msanii anayemsifu mtu kwa ng'ombe aliowatwaa huimba mbele ya watu wanaojua kisa na mipaka yake. Wimbo huo ukichapishwa ukiwa na jina, mahali na mwaka, unaweza kusomwa na polisi, au na ukoo uliopoteza mifugo. Fomu ya ridhaa iliyotungwa na kamati ya maadili ya chuo cha mbali humtaka mwimbaji atie sahihi. Haimtaki mtafiti aulize iwapo anayetajwa ndani ya wimbo amekubali. Pendekezo linalofaa hutamka mapema ni majina yapi yatafichwa, nyimbo zipi zitachambuliwa bila kunukuliwa, na rekodi zitabaki mikononi mwa nani baada ya shahada kutolewa.