Kosa Dogo la Mtembea kwa Miguu na Hatima ya Fidia Yake: Virginia, Maryland na Washington, D.C.

Nchini Marekani, madai ya fidia kwa aliyegongwa na gari huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na sheria ya jimbo ambamo ajali imetokea. Jambo hili hudhihirika zaidi kandokando ya mto Potomac, ambako Virginia, Maryland na jiji la Washington, D.C. hupakana kwa ukaribu kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida anaweza kupita katika mamlaka zote tatu kwa siku moja.

Chukulia kwamba mtu anavuka barabara hatua chache nje ya kivuko, kisha anagongwa na gari lililozidisha mwendo. Gharama za matibabu na mshahara alioupoteza ni dola 100,000. Baraza la juri linaona kuwa dereva ana asilimia 90 ya kosa, naye majeruhi asilimia 10. Katika jimbo la New York, majeruhi huyo angepunguziwa sehemu yake tu na kubakiwa na dola 90,000. Virginia na Maryland hapati hata senti moja, kwa kuwa uzembe wake, hata uwe mdogo namna gani, ukichangia ajali humfungia mlango wa fidia.

Kanuni hiyo ilitoka Uingereza, katika shauri la Butterfield dhidi ya Forrester la mwaka 1809, lililomhusu mpanda farasi aliyejigonga kwenye nguzo iliyolazwa barabarani. Uingereza yenyewe iliiacha kwa sheria ya mwaka 1945. Majimbo mengi ya Marekani nayo yameiacha. Mbali na Virginia na Maryland, inaendelea Alabama na North Carolina. Mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya Maryland iliombwa kuiondoa, katika shauri la kijana aliyeangukiwa na mwamba wa goli la soka. Mahakama ilikataa, ikieleza kuwa mabadiliko ya namna hiyo ni kazi ya Bunge la jimbo. Hoja hiyo inajadilika, kwani kanuni yenyewe ilitungwa na majaji.

Washington, D.C. ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2016 inaeleza kwamba uzembe wa mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli aliyegongana na gari haumzuii kupata fidia, isipokuwa pale unapozidi jumla ya uzembe wa wadaiwa wote. Hivyo basi, majeruhi wa mfano uliotangulia, aliyenyimwa kila kitu Arlington, angefidiwa ng'ambo ya pili ya daraja.

Athari za tofauti hii huanza mapema kuliko mahakamani, maana madai mengi humalizwa kwa mapatano. Mwakilishi wa kampuni ya bima humpigia majeruhi simu na kumuuliza, kwa upole, kama aliangalia pande zote kabla ya kuvuka. Jibu la "sikuliona gari" si jambo kubwa New York. Virginia linaweza kumaliza dai zima.

Ikumbukwe kwamba kanuni hiyo kali ina mianya. Majeruhi anaweza kuthibitisha kuwa dereva ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali, ingawa mzigo wa ushahidi ni wake mwenyewe. Virginia, mtoto wa chini ya miaka 7 hahesabiwi kuwa na uwezo wa kufanya uzembe.

Muda nao hutofautiana: kwa kawaida ni miaka 2 Virginia, na miaka 3 Maryland na Washington, D.C. Hata hivyo, anayeidai fidia serikali ya jiji la Washington, mathalani kwa kugongwa na gari lake, hana budi kuipa taarifa ya maandishi ndani ya miezi 6, na majeruhi wengi muda huo huupitisha wakiwa bado kwenye matibabu.