Kabla ya kupaka tovuti ya kazi rangi mpya, tukalishe watafuta kazi mbele yake



Hapa Kolwezi habari ya kazi inapita kwa njia tatu: kwa mtu anayekujua ndani ya kampuni, kwa picha ya tangazo inayozunguka kwenye WhatsApp, na kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Njia ya nne ingepaswa kuwa ya wote, nayo ni tovuti ya serikali. Pale kijana wa Manika asiye na ndugu KCC wala TFM angesoma tangazo lile lile, siku ile ile, sawa na mwenye ndugu. ONEM, Ofisi ya Taifa ya Kazi, tunaijua wote juu ya karte ya mtafuta kazi. Iliundwa mwaka 2002, na kazi yake ni kuunganisha anayetafuta na anayetoa.

Tovuti ya namna hiyo siku moja inatengenezwa upya. Mara nyingi inakwenda hivi: rangi inabadilishwa, picha ya kijana mwenye kaske akicheka inawekwa mbele, wakubwa wanapiga picha siku ya ufunguzi, na fomu inabaki na mashimo yake ya zamani. Hapa nataka kueleza kazi inayotakiwa kufanywa kabla ya siku hiyo: jaribio la matumizi. Maana yake ni kukalisha watu wanaotafuta kazi kweli, mmoja mmoja, mbele ya tovuti, kuwapa jambo la kufanya, kisha kunyamaza na kuangalia wanakwama wapi.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu akikwama kwenye tovuti ya kuuza viatu, anakwenda sokoni. Akikwama kwenye tovuti ya kazi, kichwani mwake kunakuja mawazo mawili: «mimi ni mujinga», ao «nafasi zimekwisha kugawanywa». Hawezi kujua kama ni kitufe kilichofichwa chini ya skrini ya telefone yake ndogo. Haandiki barua ya kulalamika, anafunga tu. Ofisi nayo inahesabu dosie zilizofika. Zile zilizokufa njiani haizioni. Hivyo kosa la fomu linageuka kuwa kutoaminiana kati ya vijana na serikali, na hakuna mtu aliyetaka vile.

Hata wenye mali nyingi wameanguka hapo. Oktoba 2011, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia watumishi iliondoa tovuti yake ya kazi, USAJOBS, mikononi mwa kampuni ya Monster na kufungua ingine mpya ya kwake. Malalamiko yalimiminika: tovuti ilikuwa polepole, watu walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na ukitafuta kazi ya mji fulani ilikuletea za mahali pengine. Ikiwa mambo hayo yalitokea kule, sisi ambao umeme unakatika jirani kabisa na Nzilo tujiandae mara mbili.

Wenye kusoma agronomia wanajua tofauti kati ya jaribio la kituoni na jaribio la shambani kwa mkulima. Mbegu ya mahindi inaweza kuzaa vizuri kwenye kituo cha INERA cha Kipopo, mahali palizi inafanywa kwa siku yake. Ipeleke Mutshatsha kwa mama asiye na mbolea, utaona mambo mengine. Tovuti iliyojaribiwa na wenye kuitengeneza, kwenye kompyuta kubwa na intaneti ya ofisi, imejaribiwa kituoni tu. Bado shamba.

Hatua ya 1: kuandika swali

Jaribio lisilo na swali linaleta maoni tu. Usiandike «tunataka kujua kama tovuti ni nzuri». Andika: «Je, mtu mwenye diploma ya serikali, na telefone yake mwenyewe, anaweza kujiandikisha pasipo msaada?» Swali mbili ao tatu zinatosha kwa duru moja.

Hatua ya 2: kuchagua watu

Mwaka 2000 Jakob Nielsen aliandika kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha karibu asilimia 85 ya matatizo. Hesabu yake ni rahisi: kama kila mtu anagundua asilimia 31 ya matatizo, baada ya watu 5 yanabaki asilimia 16 hivi. Lakini tusiimeze nzima. Tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10, watu 5 wana bahati ya asilimia 41 tu ya kulikuta. Tena hesabu hiyo ni ya watu wanaofanana.

Kwetu hawafanani. Kuko mwenye lisansi. Kuko mwenye diploma ya serikali aliyemaliza shule ya ufundi. Kuko dereva wa gari kubwa mwenye ujuzi wa miaka mingi lakini hana karatasi nyingi. Kuko kijana wa Kasulo anayetaka kuacha kuchimba aingie kwenye kazi ya mshahara. Kuko mama anayetumia telefone ya mume wake. Chukua watu 4 ao 5 kwa kila kundi kubwa, wanawake wasikose, na usichukue rafiki zako wa inivasite peke yao. Ni heri duru tatu za watu 5, ukitengeneza makosa katikati, kuliko kuita watu 15 siku moja na kukuta kosa moja mara 15.

Usisahau upande wa pili pia: wanaoweka matangazo. Kama mtumishi wa kampuni anaona ni taabu kuweka tangazo, tovuti itakuwa soko lisilo na bidhaa.

Hatua ya 3: kutunga mambo ya kufanya

Mpe mtu hali ya maisha, wala usitumie maneno yaliyo kwenye tovuti. Ukimwambia «fungua sehemu ya Offres d'emploi», umekwisha kumwonyesha njia. Sema hivi:

– Umesikia kampuni moja ya Fungurume inatafuta fundi wa umeme. Angalia kama nafasi ingali wazi, uniambie siku ya mwisho.
– Jiandikishe kama mtafuta kazi.
– Umefika katikati ya fomu, umeme umekatika, telefone imezima. Iwashe, uendelee pale ulipoachia.
– Umesahau neno la siri. Ingia tena.
– Hapa kuna matangazo mawili, moja la kweli na moja la wezi wanaoomba franga za dosie. Utajuaje lipi ni lipi?

Jambo la nne ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wengi barua pepe yao ilifunguliwa na kijana wa kibanda cha kopi, na neno la siri alibaki nalo yeye. Kama njia moja tu ya kurudia akaunti ni barua pepe, hao wamekwisha kupotea.

Ndani ya fomu yenyewe kuna mitego mitatu ya kwetu. Wa kwanza ni majina. Tuna desturi ya nom, post-nom na prénom. Fomu yenye nafasi mbili tu itafanya jina la kwenye tovuti lisilingane na la kwenye diploma. Wa pili ni diploma. Lisansi ya zamani ilikuwa mwisho wa miaka 5, ile ya mfumo wa LMD, ulioenezwa tangu mwaka wa masomo 2021-2022, ni miaka 3. Ukiandika «licence» peke yake kwenye orodha, wenye miaka 5 na wenye miaka 3 watafinya mahali pamoja, na mwajiri hataelewa kitu. Wa tatu ni kitambulisho. Ajira Portal ya Tanzania inaomba namba ya kitambulisho cha taifa, kwa sababu kule wana NIDA. Ukikopi fomu ile na kuileta Lualaba, mahali wengi wanajitambulisha kwa karte ya mchaguzi, umefunga mlango mbele ya watu.

Hatua ya 4: mahali na vyombo

Telefone iwe ya mwenyewe, ile iliyopasuka kioo, yenye mega alizonunua yeye (mrudishie). Andika mega ngapi zimekwenda toka mwanzo hadi mwisho. Mahali pawe pale watu wanafanyia mambo hayo: nyumbani, kibandani, kwenye ofisi ya mtaa. Na usikae Dilala na Manika tu. Fanya duru moja hata Kasaji ao Dilolo. Tovuti itaandikwa Kifaransa, lakini mwache mtu aseme mawazo yake kwa Kiswahili, ao kwa Kichokwe na Kilunda kama una mtu wa kusikia. Anayelazimishwa kufikiri kwa Kifaransa mbele ya mgeni ananyamaza.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Hapa ndipo majaribio mengi yanaharibika kwetu. Ofisi ya kazi ikiita watu 5 wasio na kazi, watakuja na shati iliyopigwa pasi na dosie chini ya kwapa. Watafikiri ni uajiri, hata ukisema hapana. Na mtu anayefikiri yuko kwenye mtihani wa kazi hatakwambia kwamba tovuti ni mbaya. Atasema: «Ni muzuri, yaya, iko bien.»

Kwa hiyo mwaliko usitoke kwa ofisi, utoke kwa chama, parokia ao shule. Neno «hakuna kazi inayotolewa hapa» lisemwe wakati wa kuita na lirudiwe wakati wa kukaa. Mlipe nauli na muda wake sawa, akimaliza ao asimalize. Tumia dosie ya mfano. Diploma zake na namba zake za kweli zisibaki kwako. Kisha mwambie: «Tunapima tovuti, hatukupimi wewe.»

Akianza, nyamaza. Akiuliza «Yaya, nifinye wapi?», mjibu: «Kama ningekuwa sipo, ungefanya namna gani?» Ni ngumu kuliko unavyofikiri, sababu tumelelewa kusaidia. Lakini siku ile atakapokuwa peke yake saa mbili usiku, hutakuwa pale.

Hatua ya 6: kuandika na kutengeneza

Kwa kila jambo andika vitu vinne: amemaliza peke yake ao hapana, dakika ngapi, alikwama wapi, alisema nini. Usiulize «umeipenda?», angalia mikono yake. Jioni ile ile, pamoja na wenye kutengeneza tovuti, panga makosa kwa uzito: yanayozuia mtu kabisa, yanayomchelewesha, yanayomchukiza tu. Tengenezeni ya kwanza, kisha iteni watu wengine wapya. Na wenye kutengeneza wakae wenyewe pale waone. Ripoti ya kurasa 40 haigusi mtu kama kumwona mama akijaza fomu dakika 25, kisha yote ikafutika.

Sisi tunaingia wapi

Jaribio kama hili haliombi kompyuta kubwa wala mtaalamu toka mbali. Linaomba watu wanaojua mitaa, wanaosema lugha za hapa, na wanaoweza kuandika walichokiona pasipo kuongeza chumvi. Hao ni sisi, na wengi wetu tuna muda. Tukienda kwa ofisi ya jimbo na mpango wa kurasa mbili mkononi, watu gani, maswali gani, siku ngapi, nauli kiasi gani, itakuwa ngumu kutujibu kwamba vijana wanajua paka kulalamika.

Tuanze kidogo. Wiki hii chagua tovuti yoyote inayotangaza kazi, kalisha mdogo wako ao jirani asiyesoma informatike, mpe jambo moja toka kwenye orodha ya juu, unyamaze dakika 20. Andika alipokwama. Tukikusanya karatasi 10 za namna hiyo toka Kolwezi, Fungurume na Dilolo, tutakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza yao.