Punje na Vitundu: Lithiamu Inavyoingia Ndani ya Titaniamu Dioksidi

Kuanzia Zirai na Amani hadi Magamba juu ya Lushoto, mvua za Usambara zimeosha miamba kwa mamilioni ya miaka. Silika huyeyuka ikaenda na maji. Hubaki alumini, chuma na titaniamu. Ndiyo maana Magamba kuna boksiti. Ndani ya boksiti, titaniamu kwa kawaida hukaa kama anatasi, yaani titaniamu dioksidi ya punje ndogo mno. Madini hayohayo, yakitengenezwa safi kiwandani, hufaa kuwa elektrodi hasi ya betri ya lithiamu.

Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu hutoka elektrodi chanya, hupita kwenye elektroliti, kisha hujipenyeza katika nafasi zilizo kati ya atomi za titaniamu na oksijeni. Elektroni nazo hufika hapo kwa kupitia waya.

Kwa hesabu ya kemia, gramu moja ya anatasi ingebeba miliampia-saa 335, yaani ayoni moja kwa kila atomi ya titaniamu. Punje kubwa huishia karibu nusu. Lithiamu haisambai sawasawa: tabaka la nje hujaa kabisa, na ingawa unene wake ni nanomita chache tu, ayoni hupita humo kwa taabu, mithili ya abiria wa daladala walioganda mlangoni ilhali viti vya nyuma ni vitupu. Watafiti wa Delft, Uholanzi, akiwemo Marnix Wagemaker, walionyesha kwamba punje za nanomita 7 hujaa karibu zote, kwa kuwa hazina kina cha kuzibiwa.

Muda nao hubadilika. Muda wa kupenya hufuata mraba wa umbali: kipenyo kikipungua mara 10, muda hupungua mara 100.

Lakini elektrodi ni utando wa punje, kaboni ya kupitisha umeme na gundi, uliopakwa juu ya karatasi ya metali. Vitundu vilivyomo ndiyo njia ya elektroliti. Utando ukishindiliwa sana, njia huziba, na punje za chini hukosa lithiamu chaji inapoharakishwa. Ukiachwa na vitundu vingi mno, betri huwa kubwa kwa umeme mdogo. Punje ndogo kupita kiasi nazo zina eneo kubwa la kuungana na elektroliti, na lithiamu hupotea humo bure.

Kwa hiyo ukiambiwa betri ni ya titaniamu, usiridhike na jina la madini. Uliza punje zina ukubwa gani na zimepangwaje.