Ukiwa Tunduma kibiashara, Kimondo ni nusu siku tu

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa Kitanzania wanaokwenda Dubai kufuata nguo, simu na vipuri vya magari huwa na siku tatu au nne tu za kuzunguka madukani. Hata hivyo, wengi hurudi na picha wakiwa wamesimama juu ya vilima vya mchanga, na hawakuongeza hata siku moja kwenye safari. Gari huwafuata hotelini mnamo saa 9 alasiri, huwafikisha jangwani jua likianza kupoa, hupanda mchanga kwa miguu, hula, na usiku huohuo hurudishwa mjini. Kesho yake asubuhi wako Deira wanahesabu marobota.

Mchanga ni mchanga tu. Lakini wenyeji wa kule walijua mgeni wao ana saa ngapi za bure na ni saa zipi, wakaupangia mchanga huo ratiba inayolingana na saa hizo.

Mkoani Songwe hatuna jangwa, ila saa za bure tunazo. Mtu anayevusha mzigo Tunduma humkabidhi wakala wa forodha nyaraka asubuhi, kisha husubiri. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019 na marais wa Tanzania na Zambia, kimepunguza kazi ya kukaguliwa mara mbili, lakini kusubiri hakujaisha. Anayenunua mahindi naye hungoja gunia zijae, lori lipatikane, bei ishuke kidogo. Saa hizo nyingi huishia gesti au kwenye kibanda cha chai, simu mkononi.

Na hapo si mbali na moja ya vimondo vikubwa kabisa vilivyopata kuonekana duniani.

Kimondo cha Mbozi kiko katika Kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa Kilima cha Marengi, kilometa zisizozidi 15 kutoka barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma. Ni pande la chuma lenye urefu wa takriban meta tatu na kimo cha meta moja. Kwa miaka mingi uzito wake umetajwa hapa nchini kuwa tani 12, ingawa makadirio mengine hufika tani 16. Sehemu tisa kati ya kumi ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ukikitazama ncha moja utaona alama za kukatwa: waliotaka vipande walipata tabu, maana mchanganyiko huo ni mgumu kukata.

Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi aitwaye W. H. Nott kukitangaza kwa watu wa nje mwaka 1930. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Udongo ulichimbwa pembeni, ukaachwa nguzo chini yake, na nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Hakuna shimo lililoonekana mahali kilipoangukia, jambo linaloashiria kwamba kilianguka zamani sana. Vitabu vya zamani hukitaja kuwa kiko Mkoa wa Mbeya, kwa sababu Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa hadi mwaka 2016.

Sasa, ni siku ipi ya kwenda? Wengi hufikiria kupitia Kimondo wakati wa kwenda mpakani. Kwa maoni yetu hilo si jambo la busara. Wakati wa kwenda una fedha mfukoni, mzigo haujakabidhiwa, na hujui foleni ya malori kuingia Tunduma ikoje siku hiyo. Nenda katikati, siku ya kusubiri, au wakati wa kurudi baada ya kazi kuisha. Fedha ziwe zimekwisha kuingia benki au kwenye simu. Mwenye nyanya, ndizi au samaki kwenye gari asithubutu kabisa. Nusu siku yake ni hasara.

Ukiondoka Tunduma saa 1 asubuhi kwa Kosta au gari dogo la abiria, unashuka Vwawa, makao makuu ya mkoa, umbali wa kilometa kama 40. Hapo ulizia njia ya Kimondo na upatane na bodaboda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja, kabla hujapanda. Asiyepatana mapema huja kuambiwa bei nyingine akiwa Ndolezi, ambako hana mwingine wa kumkimbilia. Mpe namba yako wakala wako wa forodha na uhakikishe simu ina chaji.

Kukitazama kimondo chenyewe hakuchukui muda mrefu. Anayetaka kunyoosha miguu baada ya siku mbili za kukaa kwenye basi atembee maeneo ya kilimani, akiomba kwanza ruhusa na mwenyeji wa kumwongoza, kwa kuwa njia hupita kando ya mashamba ya watu. Viatu viwe vya kufunga. Kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi ni kavu na asubuhi ni ya baridi hasa, hivyo koti si mzigo. Mvua zikianza Novemba, utelezi wa udongo wa Mbozi hauna mzaha. Kiingilio kipo, dai risiti.

Kwa mkulima na mchuuzi wa Mbozi, swali ni jingine: mgeni huyu akishuka Vwawa, anaacha nini? Hii ni wilaya ya kahawa ya arabika, lakini msafiri anaweza kupita kutoka Mbeya hadi mpakani akinywa chai ya rangi tu. Kahawa huondoka kwenye magunia kwenda mnadani. Kikundi kinachoweza kukaanga kilo chache, kuzisaga na kuzifunga kwenye pakiti ndogo kingekuwa na kitu cha kumuuzia mtu aliyekuja kukitazama kimondo, pamoja na parachichi na mahindi ya kuchoma. Waendesha bodaboda nao, wakikubaliana bei moja ya safari nzima na kuibandika kituoni, wangeondoa ubishi unaowafukuza wageni.

Wanaofika kwa ndege kupitia Uwanja wa Songwe, ulio upande wa Mbeya, wana jingine la kuona bila kufika Vwawa. Karibu na Mto Songwe, si mbali na kiwanda cha saruji, kuna chemchemi za maji moto na mapango yenye popo wengi. Maji hayo hutoka yakiwa na joto la kuunguza na kuacha tabaka za mawe ya chokaa. Usiingize mguu kujaribu, na ukiwa na mtoto mshike mkono. Nenda na mwenyeji, na mwambie mapema ndege yako inaondoka saa ngapi.