Ekseli ya tani 12 Kivukoni

Enzi za pantoni, lori la kwenda Mahenge lilikuwa halipiti Kivukoni, kwenye Mto Kilombero, kimyakimya. Lilisimama, likakatiwa tiketi, watu wakaliangalia matairi yalivyobonyea. Daraja la Magufuli, mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, liliondoa foleni. Nafasi ya kulikagua lori nayo ikaenda na foleni hiyo.

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania inaitumia tangu Machi 2019, inataka lori zima lisizidi tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne tani 10. Madereva hubishania zile 56. Kinachoimaliza lami hasa ni ile 10. Majaribio ya Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikibeba tani 12 badala ya 10, mzigo umezidi asilimia 20 tu, lakini uharibifu ni mara 2.07. Magunia ya mpunga yakirundikwa nyuma, lori lenye jumla halali nalo linaharibu.

Sasa njoo kwenye madini ya kinywe (grafiti). Mradi wake wa Mahenge umepangiwa kuzalisha takriban tani 340,000 kwa mwaka ukikamilika, kwa mpango wa kusafirishwa kwa lori hadi stesheni ya TAZARA Ifakara. Kwa tani 30 kila safari, hizo ni safari 11,333, yaani malori 31 yenye mzigo kila siku. Mizani ya Mikese na Vigwaza, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, haitayaona, kwa kuwa safari inaishia Ifakara.

GPS kwenye kabini haitoshi: inajua lori liko wapi, uzito haiujui. Vigwaza wana vihisi vinavyopima gari likiwa kwenye mwendo. Linaloshukiwa ndilo linaloelekezwa kwenye mizani ya kusimama. Ongeza kamera ya kusoma namba za gari, na lori linalorudia kosa linajulikana.

Tuseme lori 1 kati ya 10 linatembea na ekseli za tani 12. Uchakavu wote unapanda karibu asilimia 11, na lami iliyosanifiwa kwa miaka 20 inapoteza karibu miaka 2. Kwa mtambo kama wa Vigwaza hapa Kivukoni, yangesimamishwa malori kama 3 kwa siku. Yale 28 yangevuka bila kupunguza mwendo.