Kijana Aliyeshikwa na Bangi: Tumtupe?

Ndugu wazazi, hapa Magoma kijana akishikwa na bangi, watu husema: "Na afungwe, tupumzike." Nami zamani nilimfukuza chuoni mwanafunzi aliyevuta. Nilidhani nawahifadhi wenziwe. Kumbe nilimkabidhi kwa wale wale waliomfundisha kuvuta.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina busara kunipita. Yakataza kumhukumu kifungo cha jela aliye chini ya miaka 18. Mahakama ya Watoto hukaa faraghani, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo, na mzazi aweza kuhudhuria. Hakimu aweza kumwachia mtoto kwa masharti, au kumkabidhi kwa mtu mwema amwangalie.

Huko Marekani, tangu mwaka 1989 mjini Miami, ziko mahakama ambamo mlevi hutibiwa chini ya macho ya hakimu: hupimwa mkojo, hurudi barazani mara kwa mara, na akishinda aweza kufutiwa shtaka. Baadaye vijana nao wakawekewa zao. Nguvu ya njia hiyo si dawa tu, bali ni mtu mzima anayemngoja kijana siku ya miadi.

Je, wa kwetu atangojwa na nani? Mzazi, usiikimbie siku ya shauri. Nenda useme: "Huyu ni wangu, nitamwangalia." Nami mlango wa chuo changu u wazi. Suratul Maida, aya ya 90, yatuamrisha kuuepuka ulevi. Haikutuamrisha kumwepuka mtoto.