Chachandu Tamu Isiyo na Sukari Nyingi

Katika kliniki ya kisukari tunakutana na wagonjwa walioacha soda na chai ya sukari, lakini nyumbani chipsi na mihogo ya kukaanga wanaimwagia sosi tamu ya pilipili. Wanadhani ni pilipili tu. Someni karatasi ya chupa: viungo hutajwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, na mara nyingi sukari iko ya kwanza au ya pili. Kijiko kimoja cha mezani chaweza kubeba kijiko kizima cha chai cha sukari, au karibu viwili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vema mtu mzima asizidishe vijiko 6 hivi kwa siku, vyote pamoja. Asali nayo imo katika hesabu hiyo, basi kubadili sukari kwa asali si dawa.

Utamu tuutafute kwenye nanasi. Chukua vikombe viwili vya nanasi bivu lililokatwakatwa, pilipili hoho nyekundu moja, pilipili mbuzi mbili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, siki nusu kikombe na chumvi nusu kijiko cha chai. Saga au twanga kwenye kinu, uchemshe kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Ikiwa nyepesi, koroga kijiko cha chai cha unga wa muhogo katika maji baridi, utie, uchemshe tena kidogo. Tumia sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu siki hula aluminiamu.

Mvuke wake hukohoza, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko. Unapokata pilipili vaa mifuko ya plastiki mikononi. Ukali wake hauyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Mikono ikiwasha, ipake mafuta ya kula kwanza, kisha uioshe kwa sabuni. Mdomo ukiungua, maziwa yatasaidia kuliko maji.

Kina mama hutuuliza kama pilipili huleta vidonda vya tumbo. Hapana. Vingi husababishwa na bakteria waliogunduliwa na madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini. Lakini mwenye vidonda akiona pilipili yamzidishia maumivu, aiache, na aje apimwe.

Mwenye kisukari naye apime kwa kijiko, kwani nanasi lina sukari yake, japo kwa kijiko ni kidogo. Wala asiache vidonge au sindano zake.

Sukari nyingi na chumvi huisaidia sosi ya dukani kukaa muda mrefu. Yetu haikai hivyo. Chemsha chupa za kioo dakika 10, tia chachandu ingali moto, ufunike. Kwenye friji itumike ndani ya wiki moja. Wasio na friji watengeneze robo ya kipimo hiki, ya kula siku hiyo na kesho yake. Ikitoa povu au harufu ya pombe, imwagwe.